Degedege la usiku wa chanjo

Shemeji yangu alinipigia saa nane usiku. Mwanawe wa miezi saba alikuwa amechomwa dozi ya tatu ya chanjo ya penta mchana wa siku hiyo, tena kwa kuchelewa, maana walikuwa kijijini kwenye msiba. Jioni akaanza kuchemka. Usiku macho yakageukia juu, mwili ukakakamaa, kisha mikono na miguu ikaanza kurukaruka. Dakika mbili, labda tatu. Walipofika hospitali kwa bajaji mtoto alikuwa amelala fofofo. Wakampima malaria, hana. Daktari akasema ni degedege la homa, akampa dawa ya kushusha joto, akawaweka mpaka kulipokucha.

Asubuhi ndipo maneno yalipoanza. Bibi wa mtoto akasema ni ile sindano. Jirani akaleta habari ya mtoto wa fulani, alichomwa akiwa mzima kabisa, leo ana miaka sita na hata kuhesabu hajui. Jioni shemeji akanitumia ujumbe wa sauti: "Shem, wewe ndiye unayesomasoma haya mambo. Niambie ukweli tu. Wameniharibia mwanangu akili?"

Hayo ni maswali matatu yaliyofungwa kanga moja. Je, sindano ndiyo iliyoleta homa? Je, homa ndiyo iliyoleta degedege? Je, degedege limeharibu ubongo? Majibu ni ndiyo, ndiyo, na hapana. Watetezi wengi wa chanjo huanza na hapana tangu swali la kwanza, wakidhani wanamtuliza mzazi. Mzazi aliyempakata mtoto wa moto kama jiko la mkaa ukimwambia sindano haikufanya kitu, hata lile la tatu ambalo una hakika nalo hatakuamini.

Tuanze na la kwanza. Chanjo ya penta inakinga magonjwa matano: dondakoo, pepopunda, kifaduro, homa ya ini aina ya B, na bakteria aitwaye Hib ambaye huleta nimonia na homa ya uti wa mgongo. Kinachochemsha mtoto zaidi ni sehemu ya kifaduro. Penta inayotumika kwetu ina bakteria wa kifaduro waliouawa, lakini wakiwa wazima kama walivyo, na ngozi zao na sumu zao zilizopunguzwa makali. Mwili ukiwaona unapiga mbiu. Nchi tajiri nyingi zilihamia kwenye chanjo yenye vipande vichache tu vya bakteria huyo. Homa ikapungua, lakini kinga nayo ikawa inachuja mapema zaidi. Hivyo mtoto wa Temeke huchemka zaidi ya mtoto wa London, kwa sababu inayojulikana.

La pili. Ubongo wa mtoto wa kati ya miezi sita na miaka mitano ni mwepesi kushtuka joto linapopanda. Watoto 2 hadi 5 katika kila 100 hupata degedege la homa angalau mara moja, iwe homa hiyo imetoka kwenye mafua, sikio au chanjo. Malaria iliyopanda kichwani ni habari nyingine. Ile huacha watoto na ulemavu wa kweli, ndiyo maana daktari alianza na kipimo hicho kabla ya kusema lolote.

Hapa pwani degedege halijawahi kuwa ugonjwa mtupu. Kuna wanaolisimulia kama ndege wa usiku au shetani anayemshukia mtoto, na kuna imani ya miaka mingi kwamba mtoto mwenye degedege akidungwa sindano atakufa. Kwa hiyo sindano na degedege vilikuwa maadui kwenye vichwa vyetu hata kabla ya simu za mkononi kuanza kutuletea video za Wamarekani wenye hasira. Bibi wa mtoto hakuhitaji mtandao kufikia alipofikia.

Sasa la tatu, ambalo ndilo lililomnyima shemeji usingizi. Kulijibu kunahitaji watoto wengi sana na kumbukumbu zisizopotea, na Denmark wana vyote viwili. Kule kila mtu ana namba moja tangu azaliwe, na namba hiyo inaunganisha chanjo, hospitali na mengine yote. Mwaka 2004 watafiti wao walitoa matokeo ya watoto 537,171. Baada ya chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela, degedege la homa liliongezeka kweli kwa wiki mbili, kiasi cha mtoto 1 hadi 2 zaidi katika kila 1,000. Kisha wakawafuatilia. Waliopata degedege baada ya chanjo hawakupata kifafa zaidi ya wale waliolipata kwa homa nyingine. Mshtuko ulikuwa wa kweli, ukapita.

Lakini yule mtoto wa jirani je? Wako watoto ambao degedege la kwanza huwapata siku ya chanjo, na baada ya hapo hawarudi tena kuwa walivyokuwa. Degedege huja jingine na jingine, hatua za ukuaji husimama, maneno hayaji. Mzazi wa mtoto wa namba hiyo hasemi uongo, na ukimwambia "ni sadfa tu" unamtukana. Kisa cha watoto hawa kilichukua zaidi ya miaka 30 kufumbuliwa, na mimi hukirudia kila ninapopata nafasi.

Mwaka 1974 madaktari wa hospitali ya watoto ya Great Ormond Street, London, waliandika juu ya watoto 36 waliodhaniwa kuharibika ubongo baada ya chanjo yenye kifaduro. Magazeti na televisheni vikaichukua habari hiyo. Uingereza ilikuwa ikiwachanja watoto karibu 80 katika kila 100. Katika miaka michache wakashuka hadi kama 30. Kifaduro kikarudi, na kati ya 1977 na 1979 wakaandikishwa wagonjwa zaidi ya 100,000. Japani nao walisitisha chanjo hiyo mwaka 1975 baada ya vifo vya watoto wawili, na mwaka 1979 kifaduro kikaua watu 41. Serikali ya Uingereza ikapitisha sheria ya kuwalipa waliodhurika, pauni 10,000 kila mmoja, kesi zikaenda mahakamani, na mwaka 1988 jaji aliyesikiliza ushahidi kwa miezi akaamua kwamba haukuthibitisha kuwa chanjo ndiyo iliyoharibu ubongo. Wazazi wakarudi nyumbani na watoto wao walewale. Mahakama ilikuwa imewaambia kisichokuwa chanzo. Chanzo chenyewe hakuna aliyekijua.

Jibu lilitoka Australia mwaka 2006. Daktari wa kifafa Samuel Berkovic na wenzake waliwachukua watu 14 waliokuwa wameandikiwa kwamba ubongo wao uliharibiwa na chanjo ya kifaduro, wakapima jeni zao. Kati yao 11 walikutwa na hitilafu kwenye jeni moja, SCN1A. Jeni hiyo ndiyo ramani ya vijilango vinavyopitisha sodiamu kwenye seli za neva. Vijilango vikiwa na kasoro, breki za ubongo hazishiki sawasawa. Watoto hawa walikuwa na ugonjwa uitwao Dravet, kwa jina la daktari Mfaransa aliyeueleza mwaka 1978. Huanza mwaka wa kwanza wa maisha, aghalabu kwa homa. Chanjo inaweza kuufichua. Mafua yanaweza kuufichua. Hata kuogeshwa maji ya moto kunaweza kuufichua. Na mara nyingi hitilafu hiyo hairithiwi. Hujitokeza upya kwa mtoto mwenyewe, hivyo baba na mama wakitazamwa wote ni wazima, na ukoo mzima unabaki ukimtafuta mchawi.

Miaka minne baadaye timu hiyo ikarudi na swali gumu zaidi: sawa, ugonjwa ulikuwapo tangu mimba, lakini je, chanjo haikuuzidisha? Wakawalinganisha watoto wa Dravet walioanza degedege siku ya chanjo au ya pili yake na wale walioanza siku nyingine tu. Wa kwanza walianza mapema kwa majuma kadhaa. Akili zao baadaye, na kifafa chao, havikutofautiana na vya wenzao. Chanjo ilisogeza tarehe. Ugonjwa ulikwenda njia yake ileile.

Nimekaa sana hapa kwa sababu kisa hiki kinafundisha kuuliza swali moja ambalo video za mtandaoni hazipendi kuuliza: ukilinganisha na nani? Katika miezi 18 ya kwanza mtoto huchomwa mara nyingi. Kwa ratiba ya Tanzania huanza siku ya kuzaliwa, kisha wiki ya 6, ya 10, ya 14, miezi 9 na miezi 18. Humo humo ndimo kifafa cha utotoni huanza, ndimo mtoto aliyechelewa huonekana kwamba amechelewa, na ndimo dalili za usonji (autism) hujitokeza. Ukichukua jambo lolote baya la umri huo, lazima utalikuta liko karibu na sindano fulani. Ukaribu wa tarehe peke yake hauna la kukuambia, mpaka umtazame na mtoto ambaye hakuchomwa.

Habari ya kwamba chanjo huleta usonji nitaipita haraka, maana imeandikwa mno. Februari 1998 daktari Mwingereza Andrew Wakefield na wenzake walichapisha kwenye jarida la Lancet habari za watoto 12, ambao wazazi wa 8 kati yao walihusisha matatizo yao na chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela. Hakukuwa na watoto wa kulinganishwa nao. Mwandishi wa habari Brian Deer akafukua kwamba daktari huyo alikuwa akilipwa na mawakili waliokuwa wakiandaa kesi dhidi ya watengenezaji wa chanjo. Mwaka 2010 jarida liliifuta makala hiyo, na Wakefield akafutwa kwenye orodha ya madaktari. Yokohama, Japani, waliacha chanjo hiyo mwaka 1993 kwa sababu nyingine, lakini idadi ya watoto wa usonji ikaendelea kupanda kana kwamba hakuna kilichobadilika. Na Denmark, tena wao, mwaka 2019 walitoa matokeo ya watoto 657,461 waliozaliwa kati ya 1999 na 2010. Wasiochanjwa walipata usonji sawasawa na waliochanjwa. Hata kwenye nyumba ambamo kaka au dada mkubwa tayari ana usonji, tofauti haikuonekana.

Kuna jambo dogo ambalo mimi binafsi lilinishawishi kuliko namba hizo kubwa. Mwaka 1994 watafiti wa Marekani walitazama mikanda ya video ya sherehe za watoto kutimiza mwaka 1, zile za keki na mshumaa. Baadhi ya watoto hao baadaye walikutwa na usonji. Kwenye mikanda, dalili zilikuwa tayari zipo: anaitwa jina hageuki, hanyooshi kidole kuonyesha kitu, hatazami nyuso. Familia ilikuwa inapiga makofi na haikuona, na kule Marekani chanjo inayolaumiwa hutolewa baada ya siku hiyo ya kuzaliwa.

Hofu ya zebaki iliyomo kwenye chanjo nayo isiachwe, kwa sababu inatuhusu sisi kuliko wao. Penta yetu huja kwenye chupa ya dozi nyingi, mara nyingi 10, na kila sindano inayoingia kwenye kifuniko cha mpira inaweza kuingiza vijidudu. Mwaka 1928, katika mji wa Bundaberg, Australia, watoto 12 walikufa kwa chupa ya chanjo ya dondakoo iliyoingiwa na bakteria, haikuwa na kihifadhi, yaani dawa ya kuzuia vijidudu. Tangu zamani chupa za namna hiyo zinatiwa thiomersali, kihifadhi chenye zebaki aina ya ethili. Zebaki iliyoko kwenye samaki wakubwa ni ya methili. Majina yanafanana kama mapacha, tabia mbalimbali: ya ethili hupungua kwenye damu ya mtoto kwa nusu ndani ya wiki moja hivi, ya methili hukaa kwa majuma mengi. Marekani waliiondoa kwenye karibu chanjo zote za watoto mwaka 2001 kwa tahadhari, na usonji haukupungua.

Ila hilo linajibu usonji tu. Vipi kumbukumbu, lugha, umakini? Mwaka 2007 watafiti wa Marekani waliwaita watoto 1,047 wa miaka 7 hadi 10 waliozaliwa enzi za thiomersali, wakawapima mmoja mmoja mambo 42, kuanzia kutamka maneno hadi wepesi wa vidole. Waliopata zebaki nyingi zaidi utotoni walifanya vibaya kidogo kwenye vipimo vichache, na wakafanya vizuri kidogo kwenye vingine vichache. Ndivyo sadfa inavyokuwa ukipima mambo mengi kwa mpigo, haielemei upande mmoja. Watoto walewale wakatumika mwaka 2010 kupima hofu ya chanjo "nyingi mno, mapema mno", na waliochanjwa zote kwa wakati hawakuwa nyuma ya waliocheleweshwa.

Mpaka hapa nimekuwa nikijitetea, kana kwamba ubongo wa mtoto ungekuwa salama kabisa laiti sindano zisingekuwapo. Mizani ina upande wa pili. Surua huvimbisha ubongo wa mtoto mmoja katika kila wagonjwa kama 1,000, na baadhi ya wanaopona humo hubaki na ulemavu. Wachache hupona surua kabisa, wakarudi shule, kisha miaka kadhaa baadaye virusi vilivyojificha kichwani vikaanza kuwala: alama zinashuka, mkono unadondosha vitu, maneno yanapotea, na hakuna dawa. Rubela kwa mtoto ni vipele vya siku tatu. Kwa mama mjamzito katika wiki 12 za mwanzo, hadi watoto 9 kati ya 10 huguswa tumboni: huzaliwa viziwi, wenye mtoto wa jicho, moyo wenye kasoro, ubongo uliodumaa. Tanzania ilianza kuchanja rubela pamoja na surua mwaka 2014, Kenya ikafuata 2016. Waliozaliwa kabla ya hapo hawakuwa na kinga hiyo, na baadhi yao leo wako kwenye shule za viziwi bila mzazi kujua kilichompata mtoto.

Halafu kuna Hib. Homa ya uti wa mgongo ya bakteria ikimwacha mtoto hai, katika kila watano kama mmoja huondoka na kitu cha kudumu, uziwi, kifafa, au akili nzito darasani. Kenya ilianza kuchanja Hib mwishoni mwa 2001. Kilifi walikuwa wakihesabu wagonjwa wa Hib kali hospitalini: kabla ya chanjo walikuwa 66 kwa mwaka katika kila watoto 100,000 wa chini ya miaka mitano, na kufikia 2005 walibaki kama 8. Hib ni moja ya yale matano ndani ya chupa iliyomchemsha mtoto wa shemeji.

Kuna pia utafiti wa Ethiopia, India na Vietnam uliotoka 2019, uliokuta watoto waliochanjwa surua wana alama za juu kiasi kwenye vipimo vya lugha na hesabu, na wamefika mbele kidogo shuleni. Ningependa kuupigia ngoma, lakini nikiuliza swali langu lilelile, ukilinganisha na nani, inabidi nipunguze sauti. Mzazi anayempeleka mtoto chanjo ndiye mara nyingi anayempeleka shule mapema. Watafiti walijitahidi kulinganisha watoto wa hali moja, hata hivyo nauchukua kama dalili nzuri tu.

Na madhara ya kweli yapo. Mzio mkali wa ghafla hutokea, takriban mara moja katika dozi milioni, ndiyo maana nesi anakuambia usiondoke mara moja. Kinachonitisha zaidi ni mikono ya binadamu. Mei 2017, eneo la Kapoeta, Sudan Kusini, watoto 15 walikufa kwenye kampeni ya surua. Chanjo yenyewe haikuwa na ila. Timu ilitumia bomba moja la kuchanganyia kwa siku nne, chanjo ikikaa nje ya friji. Chanjo ya surua haina kihifadhi. Ikishachanganywa, saa sita zikipita ni ya kutupa. Mzazi mwenye hofu ningependa aipeleke huko: ikahoji friji, bomba, na saa ya kuchanganya.

Miezi miwili baadaye nilimsindikiza shemeji kwa sindano ya miezi tisa. Benchi limejaa, mizani ya kuning'iniza imefungwa kwenye boriti, watoto wanalia kwa zamu. Nesi akasoma kadi, akauliza, "Mama, huyu aliwahi kupata degedege?" Shemeji akaeleza yote, mpaka maneno ya bibi. Nesi hakucheka. Akasema degedege fupi la homa halizuii chanjo, ila amefanya vizuri kusema. "Na hii si kama ile ya penta, homa yake haiji leo. Anza kuhesabu wiki ijayo, siku ya saba mpaka ya kumi na mbili. Likimtokea tena, mlaze ubavu, usimtie kijiko wala kidole mdomoni, tazama saa. Likizidi dakika tano, au akiamka hakutambui, mlete hapohapo."

Kabla hajafungua chupa shemeji akamwomba aione. Nilikuwa nimemweleza nyumbani. Juu ya kifuniko kuna kiduara cha zambarau chenye mraba ndani yake. Mraba ukiwa mweupe kuliko duara, chanjo haijapigwa na joto. Kadiri inavyopata joto mraba unakolea, na ukishafanana rangi na duara, chupa hiyo haifai. Nesi akamsogezea karibu na macho. Mraba ulikuwa mweupe. Akachanganya, akaandika saa kwenye chupa, akadunga.

Siku ya tisa mtoto alichemka kidogo, akatoa vipele viwili vitatu kifuani, akalala. Tarehe ya miezi 18 imeshaandikwa kwenye kadi, na bibi amesema siku hiyo atakwenda yeye, akauone huo mraba.